Wito Wangu na Mguu wa Mzee Eibu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo Mungu amepata mtu.

Naandika katika daftari jipya kwa sababu siku moja kanisa litalitafuta. Kutoka Tororo mpaka Busia, tena Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, hakuna aliyeitwa kama nilivyoitwa mimi Mangeni. Wengine huitwa kwa jina moja. Mimi niliitwa kwa jina langu, la baba na la babu, asije akaitika mwingine. Nilikuwa shambani nang'oa mihogo. Sauti ikatoka juu. Mihogo mitatu iling'oka yenyewe!

Taaka, mke wangu, anasema sauti ile ilikuwa yake. Anasema alikuwa ananiita nije kuziba paa la jiko. Mwanamke huyu hana masikio ya kiroho.

Mafunzo ya wainjilisti yameanza leo kanisani kwetu hapa Sikuda. Wiki moja. Jumapili atachaguliwa mtu mmoja, atavishwa skafu ya bluu na kupewa kanisa jipya la turubai kando ya barabara ya Tororo. Skafu hiyo ni yangu. Wengine wameletwa tu ili isisemwe kwamba nilipita bila kupingwa.

Nilifika na koti, tai na mkoba wa ngozi wenye kufuli. Ndani ya mkoba hamna kitu, lakini kufuli linafunga. Wenzangu ni tisa. Nilizitazama nyuso zao nikamhurumia Mungu. Wa mwisho kabisa ni Osinya, fundi wa baiskeli. Mikono myeusi kwa grisi. Biblia anaishika kwa kipande cha gazeti asiichafue. Mwalimu wetu, Mama Damalie, aliuliza nani anajiona tayari kwa kazi hii. Nilisimama kabla hajamaliza kuuliza. Osinya akasema yeye hajui kama yuko tayari, amekuja kufundishwa. Mbele za watu! Mtu anatangaza kwamba hana kitu, halafu anakaa chini akitabasamu!

Kisha Mama Damalie akaleta vifaa. Nilitegemea vitabu vinene, labda na ramani ya Yerusalemu. Akaleta beseni, kipande cha sabuni na taulo. Basi. Akasema wito huanzia kwa yule ambaye watu wamechoka kumtembelea. Kila mmoja wetu amepewa mgonjwa wake. Tuwe tunakwenda kila siku, tuwasikilize, tuwachotee maji, tuombe nao. Na Jumapili wagonjwa ndio watakaosema nani anafaa. Si mchungaji. Si mwalimu. Wagonjwa!

Mimi nimepewa Mzee Eibu. Zamani alichunga ng'ombe wa watu wa nusu ya wilaya. Sasa analala peke yake na kidonda cha mguu kinachonuka mpaka njiani. Jumatatu ijayo anapelekwa hospitali Tororo kukatwa huo mguu, na watu wanasema anaogopa kama mtoto.

Mimi niliyekemea pepo la lori pale foleni ya mpakani, likawaka lenyewe bila ufunguo, leo nimepewa mguu!

Jumanne, 5 Agosti

Nilikwenda kwa Mzee Eibu. Nilisimama mlangoni. Ndani sikuingia, kwa ajili ya koti.

Akauliza ni nani huyo anayeziba mwanga. Nikajitaja, majina yote matatu. Akasema kigoda kiko pale, nikae. Nikamwambia mtumishi hakai. Nikamsimulia habari za lori ili imani yake ipande. Badala ya kushangaa akauliza lile lori lilikuwa limebeba nini. Nikasema chumvi. Akauliza sasa pepo lilikuwa linatafuta nini kwenye chumvi. Mzee wa kuchunga ng'ombe, anataka kunihoji mambo ya pepo!

Akaomba nimchotee maji, jerikeni ni tupu tangu asubuhi. Nikamwambia mvua inakuja. Akatazama mbinguni, akanitazama mimi.

Halafu akanyoosha mkono. Akasema basi angalau tushikane mikono tuombe, kwa sababu usingizi umemkimbia.

Nikakumbuka nina kikao.

Njiani nilikutana na Osinya anasukuma baiskeli yenye jerikeni mbili. Anakwenda kwa mgonjwa wake, Bibi Akongo. Akanisalimu vizuri, akaniuliza mzee wangu anaendeleaje. Nikamwambia kazi yangu na yake hazifanani. Yeye anapeleka maji. Mimi napeleka Neno. Akasema ni kweli, kaka, lakini hata Neno, koo likikauka, haliendi mbali. Alicheka mwenyewe. Mimi sikucheka.

Nimekaa chini ya paa linalovuja nikafikiri. Mahubiri ninayo. Sauti ninayo. Ninachokosa ni njia ya kuwa kwa mgonjwa bila kuwa kwa mgonjwa. Hapo ndipo nilipomkumbuka Nerima. Akili hii! Wakati mwingine inanitisha hata mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Busia. Nerima, mtoto wa dada yangu, anauza dawa ya panya kandokando ya barabara ya kwenda mpakani. Ana kipaza sauti, kile cha pembe kama tarumbeta. Anakitundika kwenye mwavuli, kinatangaza chenyewe kutwa nzima. Yeye anakula chipsi. Hiyo ndiyo huduma ninayoitaka.

Akaniuliza, mjomba, kipaza cha nini, unataka kugombea udiwani tena? Nikamwambia nimeitwa. Akauliza nani huyo aliyekosa watu kiasi hicho. Vijana wa mpakani hawana adabu. Mwisho akakubali kukikopesha mpaka Jumamosi, kwa jogoo mmoja. Nikamwahidi yule jogoo mwekundu wa Taaka. Taaka nitamweleza baadaye, kwa Maandiko.

Akanionyesha: unabonyeza kitufe chekundu, unasema, unabonyeza tena. Unakiwasha, kinarudia mpaka betri ife. Akaanza kueleza kwamba ndani mna maneno yake ya zamani, na kwamba nisiposhika kitufe kingine cha pembeni... Nikamkatiza. Nilimwambia nimeshika mitambo kabla hajazaliwa. Helikopta ya serikali iliwahi kukwama Nagongera siku ya soko, nikaiwasha mimi, rubani mwenyewe alikuja kuniomba msamaha. Akasema haya mjomba, ni wewe.

Nilijirekodi nyuma ya kibanda cha chapati. Dakika mbili za moto. Mwenye chapati aliacha unga akanitazama, machozi yanamtoka. Anadai ni kitunguu.

Darasani sikwenda leo. Nasikia wamefundishwa kuosha kidonda bila kumwonyesha mgonjwa kwamba kinanuka. Sijakosa kitu.

Alasiri nikatundika kipaza kwenye msumari mlangoni kwa Mzee Eibu. Nikawasha. Nikaondoka kabla hakijafika katikati. Mtu mkubwa hasimami kusikiliza hotuba yake mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi nimepita, nimewasha, nimeondoka. Huduma ya leo imekwisha saa mbili na nusu! Nimerudi kunywa chai.

Darasani kila mmoja alieleza habari za mgonjwa wake. Porojo tupu. Huyu amepika uji, yule amefua shuka. Osinya amemkata Bibi Akongo kucha. Kucha! Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikafungua kufuli la mkoba, nikalifunga, nikasema mgonjwa wangu anahubiriwa mara mia mbili kwa siku bila kupumzika. Mama Damalie akauliza mimi huwa wapi wakati huo. Nikamwambia niko rohoni. Osinya naye akauliza, mzee akisema kitu, nani anamjibu? Hilo ndilo swali la mtu anayeshinda na pampu mkononi.

Jioni nikapita karibu na kwa Mzee Eibu. Watu! Watu wamejaa mlangoni! Wanawake, wazee, waendesha boda boda wawili. Wengine wanacheka kwa furaha ya wokovu. Nilikaa mbali ili wasinibebe juu juu.

Mama mmoja anaitwa Atim alinifuata mbio. Akauliza kama ndimi niliyeleta kile kitu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akauliza kama bado ipo, isije ikaisha kabla hajafikiwa. Nikamwambia neema haiishi. Akasema basi kesho ataleta kopo. Akauliza tena kama kuku wakiikuta itawadhuru. Nikamwambia hata kuku ni viumbe vya Mungu. Akaenda anakuna kichwa. Imani yake bado changa, lakini ina hamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeaibishwa. Na damu yangu mwenyewe.

Leo nilijificha nyuma ya ghala la mtama la Mzee Eibu ili nihesabu amina. Kipaza kikaanza. Sauti yangu, nzito, nzuri. Nikafumba macho. Ikafika pale mwisho, pale ninaposema: ndugu Eibu, adui ameingia nyumbani mwako, anakula kilicho chako mchana na usiku, lakini usiogope, leo nimekuletea dawa!

Na hapo hapo, bila hata kupumua, Nerima:

“Dawa ya panya! Panya anakula, anakwenda kufia nje! Harufu hakuna! Mende, kunguni, viroboto, wote kwaheri! Sogea karibu mteja, usiogope!”

Watu wakapiga makofi. Kumbe ndiyo amina yenyewe. Halafu mimi tena kuanzia mwanzo. Halafu panya. Siku tatu! Siku tatu nimekuwa natangaza panya!

Nikatoka mafichoni ili nizime. Mzee Eibu alikuwa kitandani anaghani pamoja na kipaza, sauti zote mbili, yangu na ya Nerima, bila kukosea. Akaniona. Akasema, wewe mwana wa Wasamia, ile sehemu yako ya kwanza ni ndefu, ipunguze, lakini ya pili ina msaada. Panya walikuwa wanamaliza mtama wake, tena usiku wanakuja kutafuna mpaka bandeji. Alituma mtu Busia akaletewa dawa. Panya kumi na mmoja! Atim ndiye aliyewafagia nje, na kopo lake la dawa amepata.

Nilipanda boda boda mpaka kwa Nerima nimkaripie. Hakuwa na hata pakiti moja mezani. Akasema Sikuda nzima imekuja. Akasema alitaka kunieleza kuhusu kile kitufe nikamletea habari za helikopta. Halafu, bila aibu, akaniambia jogoo hataki tena, ila niendelee na kazi ile ile, maana mjomba, hujawahi kufanikiwa kitu kama hiki.

Mimi! Wakala wa panya!

Jumamosi, 9 Agosti

Betri imekufa. Nilikwenda mchana kukichukua kipaza. Nilipanga kukitoa msumarini na kuondoka bila salamu.

Hakukuwa na mtu. Mzee Eibu yuko macho. Leo hakuwa na mzaha. Akasema kipaza kimenyamaza tangu asubuhi, na kikinyamaza yeye anausikia mguu. Akaniuliza hospitalini wakishakata wanaupeleka wapi. Kwa mguu huo ametembeza ng'ombe kutoka hapa mpaka Nagongera, amechezea harusi yake. Anataka kujua kama wanauzika au wanautupa. Akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayeutupa.

Nilitafuta habari ya kumsimulia. Lori halikufaa. Helikopta haikufaa.

Akanishika mkono. Mkono wake ni mkavu kama ganda la muhogo, lakini unakaza. Akasema, mashine imekufa, Mangeni. Sasa omba wewe.

Nikakaa kwenye kigoda. Na koti langu. Nikaomba. Ilikuwa sala fupi.

Akasema amina. Akanitazama kwa muda. Kisha akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa kiazi kitamu kilichopoa, akakikata mara mbili, akanipa nusu. Tukala.

Baadaye nilimchotea maji jerikeni mbili. Koo langu lilikuwa limekauka, na jerikeni ya pili haikuongeza safari.

Niliomba nini, sitaandika. Hayo ni mambo ya mtumishi na Bwana wake.

Jumapili, 10 Agosti

Andika tarehe hii, ewe kanisa! Siku ulipopotea.

Wagonjwa waliletwa mbele. Bibi Akongo akasema Osinya hajui kusoma haraka, kwa hiyo mstari mmoja aliusoma mara nyingi mpaka yeye bibi akaushika, na sasa anao hata akiwa peke yake. Watu wakaguna kwa utamu. Mimi pia niliguna, kwa sababu nyingine. Kutojua kusoma nako kumekuwa kipaji!

Mzee Eibu aliletwa juu ya karia ya baiskeli ya Osinya, mguu umefungwa kwenye ubao. Nikarekebisha tai. Akasema Mangeni alimletea mashine ikaua panya kumi na mmoja. Kanisa likaanguka! Mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Taaka, mke wangu wa ndoa, alicheka mpaka akatoka nje. Alirudi, akanitazama, akatoka tena.

Kisha mzee akainua mkono watu wakanyamaza. Akasema jana mtu huyu alikuja bila mashine. Akakaa. Akaniombea sala ndogo. Na mimi nimelala usingizi, wa kwanza tangu niambiwe mguu unakatwa. Kesho nakwenda Tororo. Sitaki mwingine. Nataka Mangeni aje aniombee ile ile, kabla hawajanipeleka ndani.

Nilisimama, nikanyoosha shingo kupokea skafu.

Skafu ikapita. Ikaenda kwa Osinya! Na yeye badala ya kushukuru kama mwanamume akalia. Alifutia machozi skafu yenyewe. Ina grisi tayari!

Mama Damalie alinivuta pembeni. Akasema mafunzo mengine ni Novemba, na kwamba jana, pale kwenye kigoda, ndipo nilipoanza. Akasema nije bila mkoba. Nilimwambia asante kwa heshima yote. Bila mkoba! Nitafunga nini?

Jumatatu, 11 Agosti

Tororo. Tulikwenda kwa pikapu ya kanisa. Osinya alishikilia mguu wa mzee njia nzima usigongwe na mashimo. Mimi nilishikilia kipaza, betri mpya. Getini nesi mmoja alinipokonya akakifungia kwenye kabati pamoja na mafagio.

Mzee akawekwa kwenye kitanda cha magurudumu. Kwenye korido akasema simameni. Akanishika mkono. Osinya, kwa kuwa sasa ni mkubwa, akauliza kwa upole kama aombe yeye. Mzee akasema hapana. Ile ya Mangeni.

Nikaomba. Yote, kwa sauti, mbele ya manesi wawili na mtu mwenye ndoo.

Nesi mmoja, asiyejua mambo ya kiroho, akamuuliza Osinya kama mgonjwa amepewa kitu, maana haruhusiwi kula tangu jana jioni. Osinya aliinamisha kichwa, skafu inatikisika. Anasema alikuwa analia. Mzee Eibu akasema amina kubwa, korido nzima ikageuka. Akaingia ndani anacheka. Anacheka! Mtu anayekwenda kukatwa mguu!

Alitoka salama. Alipozinduka, kabla ya kuuliza mguu uko wapi, aliuliza chakula kiko wapi. Nani sasa atasema sala yangu haikujibiwa?

Basi imethibitika. Nilikuwa tayari tangu mwanzo, kabla ya beseni, kabla ya taulo. Novemba naingia tena, na safari hii na kipaza cha pembe mbili juu ya karia ya baiskeli. Osinya atanifungia. Nerima nimeshamwambia. Jogoo wa Taaka nimeshamkamata alipie pembe ya pili, yuko ndani ya mkoba, na kufuli linafunga.

Ukweli mmoja mdogo tu nauandika hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu mpaka nife. Sala ninayoijua ni moja. Ni ile ya chakula, tuliyofundishwa darasa la tatu: bariki chakula hiki, na mikono iliyokipika. Na hata hiyo mwisho wake siujui, kwa sababu pale shuleni kila mara nilikuwa nimeshaanza kula.